Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: maji yanayotukimbia

Wanachama wenzangu, shikamooni wazee, na wengine wote nawasalimu. Hesabu mhazini atazisoma mwenyewe na mihtasari ya vikao katibu ameshaitupia kwenye grupu, kwahiyo mimi nitaongelea jambo moja tu lililotusumbua mwaka mzima, maji ya mvua yanayopita juu ya mashamba yetu badala ya kuzama.

Nianze na zile chupa. Mnakumbuka tulikubaliana kila mtu akinge maji yanayotoka mwisho wa shamba lake mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, ayatie kwenye chupa ya lita moja na asiitikise. Nimezipanga dirishani hapa ninapoandika. Chupa ya shamba lililolimwa likaachwa wazi, tope lililotuama chini ni unene wa vidole viwili, na maji ya juu hadi leo hayajawa meupe. Ya jirani yake, mteremko uleule mvua ileile, ila yeye aliacha mabua yamelala shambani, tope lake halifiki hata ukucha. Nikaimimina ile ya kwanza kwenye karai nikalishika lile tope, laini kama unga, jeusi, ndo udongo wa juu wenyewe wenye mboji, ule tunaoutegemea.

Wengi hatujui wingi wa maji tunayoongelea. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, basi mvua ya milimita 20, ambayo wala sio ya kutisha, kwenye ekari moja inamwaga kama lita 80,000, yaani tani 80. Tone kubwa linashuka kwa spidi ya karibu mita 9 kwa sekunde, likikuta udongo mtupu linaupasua, vumbi lake linaziba vitundu, unajitengeneza ugaga mgumu juu na hapo maji hayana tena pa kuingilia. Afu yanaanza kutembea, na yakitembea hayaendi mikono mitupu, spidi yake ikiongezeka mara mbili nguvu ya mwendo wake inakuwa mara nne, ndo maana kile kifereji cha upana wa kidole tulichokuwa tunakiruka tu sasa hivi ni korongo, mbuzi akiingia hatoki bila kamba.

Na kinachoniumiza sio korongo, korongo unaliona. Ekari moja ikipoteza udongo wa unene wa milimita moja tu, ni kama tani 5 zimeondoka, na ukisimama shambani kesho yake unaona kila kitu kiko sawa! Sentimita moja ya udongo kujitengeneza upya inaweza kuchukua miaka mia na zaidi.

Nikiri na langu. Mwaka huu nilikodi trekta, dereva ana haraka, akalima toka juu kushuka chini kwasababu kukata mteremko kunamchelewesha, na mimi nikanyamaza. Kila mstari wa jembe ukageuka bomba. Mvua ya tatu nikakuta mbegu zangu zimeota kwa fungu kwenye kona ya shamba la jirani kama kitalu, na mbolea niliyotia juzi yake hata harufu haipo. Mwenyekiti mzima. Jirani alicheka mpaka akakaa chini na sina cha kumjibu.

Mbolea hiyo ndo inatufikisha mtoni. Fosforasi inashikamana na chembe za udongo, nitrojeni nyingi inayeyuka, zote zinasafiri, zikifika kwenye maji yaliyotulia zinalisha mwani, maji yanakuwa kijani, mwani ukifa bakteria wanauozesha na kumaliza oksijeni yote, asubuhi samaki wanaelea. Wenzetu wa bondeni waliposhtuka wakasema kuna mtu kamwaga sumu. Hakuna aliyemwaga kitu, ni mbolea tuliyoinunua wenyewe. Na sio sisi tu, mto Mississippi kule Marekani unapeleka mbolea ya mashamba hadi Ghuba ya Mexico na kila kiangazi eneo kubwa la bahari pale linakosa oksijeni.

Tope nalo linajaza sakafu ya mto, mto unakuwa na kina kifupi, mvua ndogo tu unatoka nje na kulaza mazao ya watu wa chini. Afu mvua zikikatika mto huohuo unakauka mapema, maana maji yaliyotakiwa yazame huku juu yatoke polepole kwenye chemchemi yalishapita siku ileile. Kwenye kikao mlibishana sana, wa juu wanalia ukame, wa chini wanalia mafuriko. Kesi ni moja.

Tulichofanya ni kidogo. Tumepima kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokata mteremko, kwa ile fremu ya A ya miti mitatu, kamba na jiwe, tukachimba makinga maji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasishuke, na vetiva, yale majani marefu ya kushika udongo, zimeshika vizuri, mizizi yake inaweza kwenda chini mita tatu. Ila kinga maji moja lilikosewa levo, maji yakakusanyika upande mmoja likapasuka, likafanya uharibifu kuliko kama lisingekuwepo kabisa, kwahiyo naomba mtu asichimbe kwa macho, apime. Lile kalavati la barabara ambalo mkandarasi alilielekeza katikati ya shamba la mwenzetu, tumeandika barua mpaka tumechoka, mwisho tumepanga mawe wenyewe kupunguza kasi. Na wanaolima hadi kwenye ukingo wa mto mnajijua, sitataja mtu, ila ukingo ukimeguka unaondoka na mistari yenu ya mwisho, na mwaka huu imeondoka.

Mkutano ujao kabla ya uchaguzi tutaanzia shambani kwangu, mje na majembe tugeuze ile mistari ya trekta. Chupa mpya pia mje nazo, safari hii andikeni majina, maana hapa dirishani kuna tatu zenye tope kuliko zote na kila ninayemuuliza anasema sio yake.