Wajukuu zangu wa Kongwa, wale hawakuwa wakimbizi

Mbukwenyi wajukuu zangu. Barua hii ni ya vijana wote wa Kongwa, mlioko nyumbani na mliokwenda kutafuta maisha Dodoma na Dar. Someni mpaka mwisho hata kama ni ndefu, babu yenu kuandika kwenye simu kunamchukua muda.

Juzi nimepita upande wa kambi ya wapigania uhuru nikakuta vijana wawili wamekaa juu ya kaburi wanachati, mmoja kaegesha miguu kwenye jiwe la kichwani. Sikuwagombeza. Nimewauliza tu, mnajua mmemkalia nani? Wakanijibu, babu si makaburi ya wakimbizi haya. Aisee nilirudi nyumbani chakula hakikupita.

Sikilizeni. Pale kabla ya kambi palikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulianza 1947, wakaja na matrekta, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakalima ardhi yetu ambayo kiangazi inakuwa ngumu kama saruji na mvua yenyewe mnaijua ya Ugogoni ilivyo. Wazee wetu walijua lakini nani aliwauliza. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea, yakabaki majengo matupu na stesheni ya treni isiyo na treni. Hapo hapo ndipo serikali ya Mwalimu ilipowapa wapigania uhuru mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, kuunda Kamati ya Ukombozi yenye makao makuu Dar. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, baadaye ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola, kila chama na upande wake. Chris Hani mnayemsikia kwenye historia ya Afrika Kusini, kiongozi wa wapiganaji wa ANC, huyo alikaa Kongwa hii hii yenye vumbi.

Na wengi hawakuja hapa kuanza kujifunza bunduki, walishafunzwa Misri, Algeria, Urusi, China huko. Kongwa walikuwa wanaendelea na mazoezi na kusubiri njia ifunguke ya kurudi kwao kupigana. Kusubiri kwenyewe ndio kulikuwa kazi ngumu jamani, mtu una mafunzo yote, nyumbani kwenu watu wanateswa, wewe uko Ugogoni unalima mboga na kukimbia mchakamchaka alfajiri, mwaka unapita, mwingine unaingia. Sisi watoto tulikuwa tunaamshwa na nyimbo zao, maneno hatuyaelewi ila sauti ile ilikuwa inakuingia mpaka kifuani.

Mama alikuwa ananituma na kibuyu cha maziwa. Kuna mmoja wa SWAPO, Kiswahili chake cha kubahatisha, siku moja akachuchumaa akachora kwao kwa kijiti chini kwenye vumbi, huku bahari, huku jangwa, hapa katikati ng'ombe wa baba yake. Akanyamaza akiangalia mchoro wake, halafu akaufuta kwa kiganja taratibu, akachukua kibuyu. Nilivyorudi siku nyingine nikaambiwa hayupo, ameondoka, na hakuna aliyeniambia zaidi. Nilikuja kujua ukubwani kwamba kundi la kwanza la SWAPO lililoingia Namibia na silaha lilitokea hapa kwetu, na tarehe 26 Agosti 1966 ndio walipigana mara ya kwanza kule Omugulugwombashe. Namibia siku hiyo mpaka leo ni sikukuu ya mashujaa. Kama yule wangu alikuwemo sijui, lakini kila Agosti namkumbuka.

Kuna jambo jingine watu wanalisema kwa kunong'ona nami nalisema wazi. Baadhi yenu mna damu yao. Walipendana na dada zetu, watoto wakazaliwa, baba akaitwa vitani hakurudi. Hakuna aibu hapo hata chembe na asiwepo wa kumcheka mwenzake. Kama bibi yako yumo kati ya hao, muulize kwa upole, usimkurupue na simu usoni, kaa naye kwanza, mpelekee sukari, mengine atayatoa mwenyewe, na akikubali ndio urekodi. Kila mzee tunayemzika hapa tunazika naye majina ya watu waliokaa kwenye hiyo kambi.

Na nyie mnaobeba matofali ya majengo yale kwenda kujengea choo, nawaomba kama babu, yaacheni. Tofali la kununua lipo.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa makaburini. Njooni na majembe, mafyekeo na fagio, nyasi zimeshafunika majina mawili upande wa mbuyu na nataka tuyasome kabla jua halijawa kali. Wale vijana wawili nao waje, sina kinyongo nao.