Barua kwa mastraika wetu wa Pemba mnaotaka kuvuka kwenda kucheza bara

Asalaam alaykum wanangu. Barua hii ni ya nyie mnaocheza mbele, Micheweni, Wete, Chake mpaka Mkoani. Mabeki na makipa wakitaka kusoma wasome lakini leo siwaandikii wao. Nimeamua kuandika humu mana nikisema barazani mnaniitikia "sawa babu" halafu macho yanarudi kwenye simu, basi na mie nakufuateni humo humo.

Kuna kijana wetu karudi kutoka bara. Ligi kuu kaigusa kidogo, Championship, ligi ya bara iliyo chini yake, kacheza sana, kazunguka timu hii na ile, sasa yuko nyumbani goti limevimba na nasikia mnamcheka. Eti kafeli, eti angekuwa mzuri wangemuacha kila msimu? Hebu tulizaneni. Hajafeli yule. Maisha ya straika wa kawaida ndo yale yale mnayoyaona kwake, na wengi wenu hapa, Mungu akikujaalieni mkafika hata huko, mtaishi hivo hivo, sasa bora mjiandae nayo mapema kuliko kuja kushangaa mbele ya safari.

Beki akicheza vibaya mechi tano anaweza asionekane. Straika mechi tatu bila goli jukwaa zima linajua, mechi ya nne mwenyekiti anajua, ya tano kuna mtu keshatumwa Burundi au Ghana kutafuta mwengine. Kocha aliyekutaka anafukuzwa Novemba, anaekuja anakuja na namba tisa wake, wewe hujakosea kitu lakini dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, likifunguliwa jina lako liko kwenye karatasi ya wanaoachwa au wanaopelekwa kwa mkopo.

Najua vichwani mwenu mna watu wawili tu, Samatta na Fei Toto, na Fei mwenyewe si straika, kiungo yule, ila kwa sababu ni wa kwetu Zanzibar mnamtia kila pahala. Haya tumuangalie Samatta. African Lyon, Simba, akenda TP Mazembe 2011, akabeba ubingwa wa Afrika 2015, Genk 2016, Januari 2020 Aston Villa, akafunga Wembley fainali ya Kombe la Ligi na Man City, watu hapa walikesha. Mwaka haujesha yuko Uturuki Fenerbahçe. Kisha Antwerp, kisha Genk tena, kisha PAOK Ugiriki. Huyo ndo wa juu kabisa tulienae na bado begi lake halikai kabatini, itakuwa wewe ambae hata mguu wa kushoto hujauzoea?

Mnamkumbuka Amissi Tambwe, Mrundi? Msimu wa 2013/14 alikuwa mfungaji bora wa ligi akiwa na Simba. Disemba 2014 Simba hao hao wakamuacha. Mfungaji bora! Yanga wakamchukua, na 2015/16 akatupia magoli 21 akawa mfungaji bora tena. Sasa angekaa nyumbani kusikiliza wanaosema kaachwa mana kaisha, hizo 21 angezifunga nani.

Na Uruguay yuko mmoja, Sebastián Abreu, huyu nyie mnamjua kwa ubaya, ndie aliyeipiga Ghana ile penalti ya mwisho Kombe la Dunia 2010, akaichota polepole katikati ya goli Afrika nzima ikakaa kimya. Huyo kacheza timu zaidi ya 25 kwenye nchi zaidi ya kumi. Kwao hawamwiti aliefeli.

Wa mwisho nimtaje Muingereza, Rickie Lambert. Liverpool walimuacha angali mtoto, Blackpool nao wakamuacha, ikafika pahala akawa anafanya kazi kiwandani kufunga vifuniko vya chupa za bitiruti huku anafanya mazoezi na timu ndogo. Macclesfield, Stockport, Rochdale, Bristol Rovers, anapanda pole pole, Southampton akapanda nao mpaka ligi kuu. Agosti 2013 ana miaka 31 akaitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, akaingizwa na Scotland, mpira wake wa mwanzo kuugusa, kichwa, goli. Mwaka wa pili yake Liverpool wale wale wakamnunua. Sikwambieni kila mtu atakuwa Lambert, wengi wanaishia Rochdale. Lakini hata anaeishia Rochdale analipwa kwa kucheza mpira, na hiyo si kitu kidogo.

Sasa kwetu sisi mlango ni mwembamba zaidi na lazima mulijue hilo. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira Afrika, walitupokea tukashangilia mpaka usiku, Julai mwaka huo huo wakatutoa. Kwahiyo Heroes wetu, timu ya Zanzibar, wanaonekana CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, na mashindano ya kualikwa, ukitaka kufuzu Afcon au Kombe la Dunia njia ni Taifa Stars, na kocha wa Stars mara nyingi anaangalia aliye ligi ya bara. Ndo mana Mapinduzi Cup ina uzito. Inachezwa Januari, dirisha dogo la bara mara nyingi liko wazi siku hizo, na mawakala wamo jukwaani. Mlandege, timu ya hapa hapa Zanzibar, ilipomfunga Simba 1-0 fainali ya 2024 mnafikiri simu ngapi zilipigwa usiku ule? Na Januari 2025 ilikuja mpaka hapa uwanja wa Gombani, Chake, Heroes wakampiga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, nyie mlikuwepo, mmeona mtu anaweza kuonekana akiwa Chake pia.

Haya, kitu ambacho kinanikera kuliko vyote ni mikataba. Nimeona kwa macho yangu kijana anasainishwa juu ya boneti ya gari saa nne usiku, kiongozi kashika tochi ya simu, karatasi zimekunjwa linaonekana jina na pa kutia saini tu, "saini hapa, na hapa, na hapa, haraka boti ya asubuhi." Kasaini. Nakala hakupewa. Miezi minne mbele mshahara haujaja na hana hata cha kumuonesha mwanasheria, anabaki kusema "tulikubaliana." Mlikubaliana wapi na nani mwanangu?

Sheria ziko na wala si siri. Mkataba wa mpira FIFA hairuhusu kupita miaka mitano, na kama hujafika 18 usipite mitatu. Aliye chini ya 18 haruhusiwi kuhama nchi kwenda kucheza nje isipokuwa kwa sababu chache maalum, kwahiyo mtu akija kumwambia mtoto wa miaka 16 kuna timu Ulaya inamtaka sasa hivi, muulizeni vizuri. Timu ikikukalia na mishahara ya miezi miwili bila haki, unawaandikia barua, KWA MAANDISHI si voisi ya WhatsApp, unawapa siku 15 walipe, wasipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Ukibakisha miezi sita au chini unaruhusiwa kusaini na timu nyengine kwa ajili ya baadae. Na wasikudanganye kwamba umesaini lakini mkataba hauna nguvu mpaka upimwe afya, hicho kipengele hakikubaliki, vipimo vinafanywa kabla ya kalamu. Chukua nakala. Ipige picha, mtumie dada yako, mtumie mwalimu wako wa skuli, iwe kwenye simu tatu tofauti.

Pesa ya usajili nayo. Hii pesa ni kama ya karafuu, inakuja kwa mkupuo na hujui msimu wa pili utazaa au la. Kijana anapewa milioni kadhaa siku moja ananunua pikipiki, simu, viatu vya rafiki zake wote, halafu anaishi bara kwa mshahara unaochelewa. Nimewahi kuwatembelea vijana wetu huko, wanne chumba kimoja, godoro mbili, jiko la gesi dogo mlangoni, mwenye nyumba akigonga wananyamaza wote kama hawamo, na wawili kati yao Jumamosi yake walionekana kwenye tivi. Lipa kodi ya miezi sita kwanza siku ile ile ya kusaini. Inayobaki itume kwa mtu ambae hana tamaa, wengi hapa ni bi mkubwa, anunue matofali. Ukirudi hata bila kombe una kiwanja kimesimama ukuta.

Uwanjani sina mengi, makocha mnao. Ila straika anaehama hama anaishi kwa vitu viwili vitatu ambavyo kocha yoyote anavitaka, sio chenga. Simama nyuma ya bega la beki asikuone, krosi ikija asilimia kubwa ya mabeki wanaangalia mpira, wewe kimbilia nguzo ya mbali. Jua kupokea mpira umelipa goli mgongo na mtu kakubana, uulinde mpaka wenzio wafike. Na piga penalti kila baada ya mazoezi, wenzako wakishaondoka, hata ishirini, mana siku timu mpya ikipata penalti na huyo mpigaji wao kaumia wewe ndo unainua mkono. Mie nimebakishwa kwenye timu moja msimu mzima kwa kichwa tu, miguu yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

Goti jamani. Ukiwa na mkataba usiende kucheza ndondo za mtaani nyumbani likizo kwa ajili ya zawadi ya mbuzi, ukiumia kule timu inakwambia hatukukutuma. Na mtu akitaka kukuchoma sindano ya ganzi ili ucheze fainali na goti limejaa maji, kataa, hata rais wa timu akiwa amesimama mlangoni. Fainali ni ya kwao, hilo goti utapandia nalo mkarafuu ukiwa na miaka hamsini.

Mkiwa bado mnacheza someni kidogo. Leseni ya ukocha ya CAF inaanzia ngazi ya D, na mtu ambae kakaa chini ya makocha wengi kaona mengi, msiyaache yapotee.

Na hili la mwisho mwasomee wazazi wenu kwa sauti kama hawamo humu. Kuna watu wanapita vijijini wanajiita mawakala, wanataka pesa ya viza, ya majaribio, ya "faili", na tayari kuna mzee kauza mikarafuu yake kwa safari ambayo haikuwepo. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake linaweza kutafutwa. Timu inayokutaka majaribio inatoa barua ya mwaliko yenyewe, yenye anuani na simu ya klabu, na hiyo simu msiipige ile iliyoandikwa kwenye barua, itafuteni kwenye tovuti ya klabu muulize kama wanamjua mtoto wenu. Wakisema hawamjui, huyo bwana mwambieni asubiri barazani, halafu nipigieni mie nije na sheha.