Kura nyingi, urais hakuna

Mhariri,

Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Juzi, nikiwageuza mchangani, mteja wangu alibisha kwamba Marekani mwenye kura nyingi lazima ashinde. Wapi! Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8, na bado akaangukia pua. Kule wanahesabu wajumbe 538 wa kumchagua rais, waliogawiwa majimbo; anayefikisha 270 ndiye rais. California peke yake ina 54, na mshindi wa jimbo huzoa wote, hata akipita kwa kura kiduchu. Majimbo ya Maine na Nebraska tu ndiyo hugawa wajumbe wao.

Mwaka 2024 wapiga kura wengi walilia bei za vyakula, mayai hasa. Hapo nikawaelewa. Mgombea akija mwaloni kwetu, namuuliza kwanza petroli ya boti.

Mama muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma