Mbolea inapoua samaki mtoni

Mhariri,

Kila samaki wanapoonekana wakielea wamekufa mtoni, watu huwashuku wavuvi kwamba wametia sumu, ilhali shehena ya mbolea ya urea iliyomwagika yatosha kuwaua. Urea huvunjika majini ikawa amonia, ambayo huharibu matamvua ya samaki, nayo naitrojeni inayosalia huchochea mwani ambao, ukifa na kuoza, humaliza oksijeni.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kando ya mito, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa; hata hivyo mashamba (sijui kwa ruhusa ya nani) hufika ukingoni kabisa. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ipime maji siku ileile, kabla mvua haijafuta ushahidi, na aliyemwaga mbolea awafidie wavuvi.

Msomaji wenu,
Jinja