Risala ya Klabu ya Wanafunzi ya Kupinga Dawa za Kulevya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanaklabu wote tunakushukuru, Afande, kwa kuitikia mwaliko wetu. Kazi ya polisi haina saa, nasi tunatambua uzito wa wewe kuwa hapa.

Mheshimiwa, askari wako alipoingia darasani kwetu mara ya kwanza, kelele zilikatika ghafla. Tulidhani kuna mtu amefuatwa. Yeye akavua kofia, akaiweka mezani, akaomba nafasi kwenye dawati la nyuma. "Leo mimi ni rafiki yenu wa siku nyingi," akasema, "na nina kitu mfukoni. Nani atanikatalia?"

Mikono mingi ilinyooshwa. Akachaguliwa mwenzetu mmoja asiyeshindwa kwa maneno. Alibembelezwa mara ya kwanza akakataa, mara ya pili akakataa, lakini alipoitwa mwoga mbele ya wenzake, "hapana" yake ilitoka kwa sauti ndogo hata waliokaa dawati la pili hawakuisikia. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu alijiona amesimama pale. Tulirudia zoezi lile hadi kengele ikalia, na ndilo lililozaa klabu hii.

Tumesoma pia wengine walipopitia. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, Marekani, wakishirikiana na uongozi wa shule za jiji hilo, walianzisha mpango wa D.A.R.E., wa askari kufundisha darasani. Ulienea hadi nchi nyingine. Hata hivyo, watafiti walipowafuatilia watoto waliofundishwa, hawakuona tofauti kubwa ya matumizi ya dawa kati yao na wenzao ambao hawakufundishwa. Kuanzia mwaka 2009 mpango huo ukaanza kutumia mtaala mwingine, unaomzoeza mtoto kukataa, kueleza sababu, kuepuka na kuondoka. Tunawaheshimu kwa kukubali kubadilika. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 wa UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, na WHO, Shirika la Afya Duniani, nao unaonyesha kwamba kumpa mtoto taarifa tu, tena za kumtisha, hakumkingi.

Ndiyo maana, Afande, tunasema kwa heshima zote: picha za kutisha tunazoonyeshwa kila tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya, tunazikumbuka kwa wiki moja. Zoezi la dawatini tunalikumbuka hadi leo.

Ipo changamoto nyingine, na hii inatuuma zaidi. Siku moja baada ya kipindi, mwenzetu alibaki nyuma akitaka kuuliza jambo kuhusu kaka yake. Alimsogelea askari, akatazama pingu kiunoni, akaaga na kuondoka. Askari hakuwa amekosea chochote. Lakini mtoto anayeishi na mtumiaji anawaza: nikisema, watakuja nyumbani kumchukua?

Kwa hiyo, ombi letu la kwanza na kubwa ni hili: kabla somo halijaanza, tuelezwe waziwazi ni yapi tukiyasema yatabaki kati yetu na ninyi, na ni yapi sheria inawalazimu kuyafikisha mbele. Msituahidi siri msiyoweza kuitunza. Tunaomba pia askari afuatane na mshauri nasaha au mhudumu wa afya, ili mwenye ndugu mgonjwa ajue pa kumpeleka kutibiwa. Vipindi viwe vya mfululizo mwaka mzima, na walimu wetu wafundishwe kuendesha mazoezi hayo siku ambazo askari hayupo. Kama inawezekana, aje askari yuleyule, tumeshamzoea.

Mwenzetu yule yupo hapa leo kati yetu. Swali lake bado hajaliuliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.