Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji: Pimeni kimo cha maji, si umbali wa nyumba

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Nakuandikia kiangazi hiki, makorongo yakiwa makavu na watoto wakichezea mpira humo, kwa sababu mvua za msimu zikishashika Novemba sote tutakuwa tunahamisha magodoro.

Jambo langu ni moja. Hatari ya mafuriko kandokando ya vijito vyetu tunaikadiria kwa futikamba. Ukiwa ndani ya mita 60 kutoka kingoni uko hatarini, ukiwa nje lala salama. Mita hizo zimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, wala sizipingi. Ziliwekwa kulinda kingo na mazingira ya maji, na kazi hiyo zinaifanya. Lakini hazikuwekwa ili zitueleze maji yatafika wapi.

Korongo la mtaani kwetu upande mmoja lina genge refu la udongo mwekundu. Nyumba iliyo juu yake, hatua chache tu kutoka ukingoni, haijawahi kulowa (genge likimeguka ni balaa jingine, nalo lipimwe kivyake). Ng'ambo ni tambarare, migomba na michikichi. Huko kuna nyumba iliyo mbali kabisa na mkondo, nje ya mita 60, na ukutani kwake mstari wa tope umepita juu ya kitasa cha mlango. Futikamba inamwambia wa kwanza ahame, wa pili abaki.

Halafu kuna makalavati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Chukua korongo linalokusanya maji ya kilomita moja ya mraba ya mlima. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa saa moja, hapo zimeanguka mita za ujazo 50,000. Hata nusu ikizama ardhini, zinabaki 25,000 za kushuka, yaani karibu mita za ujazo 7 kila sekunde. Kalavati la duara la kipenyo cha mita moja, maji yakipita kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, linapitisha mita za ujazo moja na nusu hivi. Zilizobaki zinapita juu ya barabara, au sebuleni kwa mtu. Na hiyo nusu ya kuzama ni ukarimu wangu: milima iliyokuwa nyasi na miti leo ni mabati na saruji, na maji ya bati hayana subira. Kalavati lililotosha miaka ishirini iliyopita halikupungua, mlima ndio uliobadilika.

Huku chini kuna ziwa nalo. Tanganyika limepanda sana miaka hii ya karibuni, na watu wa Kibirizi, huko ufukweni, hawahitaji kuelezwa. Ziwa likiwa juu, kijito kinachoingia humo hukosa pa kumwaga, maji yanarudi nyuma na kutapakaa mashambani, ndiyo hofu ya wanaolima bonde la Luiche. Kwa hiyo makadirio ya mwaka ambao ziwa lilikuwa chini hayafai tena.

Tunachoomba si mradi wa mabilioni. Alama za tope bado ziko ukutani, na wazee wanakumbuka maji yalifika wapi. Fundi yeyote wa hapa ana mpira wa maji, ule wa kupigia levo ya msingi. Kwa mpira huo mstari wa tope wa nyumba moja unahamishiwa kwenye nyumba ya jirani, na ya jirani yake, hadi mtaa mzima ujue kimo. Dar es Salaam wananchi na wanafunzi wa vyuo walichora mitaro na maeneo yanayofurika mtaa kwa mtaa kupitia mradi wa ramani uitwao Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015. Sioni kwa nini Kigoma ishindwe.

Pia shule za milimani zipewe vipima mvua, visomwe kila siku saa tatu asubuhi, na kila daraja lichorwe sentimita kwenye nguzo. Kipimo cha siku nzima hakitaonyesha ukali wa mvua ya nusu saa, ambayo ndiyo hujaza korongo, lakini ni mwanzo.

Usidharau mafuriko yanayoitwa ya nadra. Yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, mtu akiishi hapo miaka 30 ana asilimia 26 ya kukutana nayo. Kibali cha ujenzi kitolewe kwa kuangalia hilo.

Tupatie mpimaji mmoja kutoka idara ya ardhi kwa wiki mbili, kabla ya Oktoba kwisha. Mafundi, mipira ya maji na wazee wa kuonyesha alama tunao. Atakapofika aanzie kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha aje huku tambarare, kwenye ile nyumba yenye tope juu ya kitasa. Mwenye nyumba anataka kupaka rangi kabla ya mvua, nimemwomba asubiri.

Wako,
Mkazi wa kandokando ya korongo, Kigoma