Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Majibu ya Maji Yetu Yarudi Kijijini

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru, si mbali na Tengeru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ombi langu ni moja: kila mradi ambao taasisi za umma za utafiti zinaufanya pamoja na washirika wa nje uwe na sharti la kurudisha majibu, kwa Kiswahili, katika kijiji zilikochukuliwa sampuli.

Darasani kwangu wapo watoto wanaocheka huku wameziba midomo kwa kiganja, kwa sababu meno yao yana mabaka ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Chanzo chake ni floraidi inayotoka katika miamba ya volkano na kuyeyukia kwenye chemchemi tunazozitegemea, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Madhara hutokea meno yanapojengeka, mtoto akiwa bado mdogo, na hayarekebishiki baadaye kwa kubadili maji. Mama anayeyachemsha maji akidhani anayasafisha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki palepale, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi huweza kuwa nayo kwa wingi. Mambo haya yanajulikana maabara, jikoni hayajafika.

Sisemi kwamba taasisi hiyo imelala, kwani tangu ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2011 imefanya kazi ya kujivunia. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wake, alishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Taasisi ilishiriki pia katika mradi wa FLOWERED, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia, uliochunguza floraidi katika Bonde la Ufa nchini Ethiopia, Kenya na Tanzania. Aidha, ni mwenyeji wa vituo viwili vya umahiri vilivyoanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kimoja kikihusika na maji na nishati. Ushirikiano huo naupenda na ninataka uongezeke.

Lakini miaka kadhaa iliyopita watafiti, ambao sitawataja, walifika kwenye chemchemi yetu, wakajaza chupa nne ndogo, wakaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, wakatuahidi majibu. Niliwashikia chupa mimi mwenyewe. Hadi leo kamati ya maji haina hata karatasi moja, na wazazi wakiniuliza kama maji yale yanafaa kwa mtoto anayeachishwa ziwa, ninanyamaza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla mkataba haujasainiwa, naomba wizara yako ihakikishe kwamba bajeti ya mradi ina fungu la mkutano wa kijiji, na kwamba kipimo cha kila chemchemi kinabandikwa kwenye ofisi ya mtendaji na zahanati, kwa lugha ambayo bibi anayelea wajukuu ataielewa. Pale linapofungwa chujio la mkaa wa mifupa, linalonasa floraidi, mkataba utaje pia nani atabadilisha mkaa huo utakapochoka baada ya mradi kwisha, maana chujio lililochoka huendelea kutoa maji meupe yanayopendeza macho, na floraidi ikapita bila mtu kujua. Gharama ya mambo haya ni ndogo mno ikilinganishwa na tiketi za ndege za mikutano ya washirika.

Sharti hili lianze na miradi ambayo bado inaendelea. Darasa la awali la mwakani lina watoto ambao meno yao ya ukubwani bado hayajaota.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi, Arumeru